Soma Ukurasa wa Tatu Kabla Hujatia Sahihi



Mwezi uliopita kikundi cha vijana wa Kisauni kilikuja kutuona, fomu mkononi. Jina lake hatulitaji. Ni vijana kumi na wanne, watano wao wasichana, na kazi yao mtaa mzima unaijua. Kila Jumamosi baada ya Alfajiri wanazibua mtaro na kuzoa taka kwa mkokoteni wa kukodi, na kila nyumba inawapa shilingi hamsini. Asiyekuwa nayo anawatilia chai. Hakuna aliyewatuma. Walianza baada ya mvua ya masika kuingiza maji ya mtaro hadi ndani ya madrasa, mikeka ikatupwa yote na watoto wakakaa wiki mbili bila kusoma.

Sasa wanataka vifaa vyao wenyewe. Mikokoteni miwili, shilingi elfu sitini. Mabuti na glavu za watu kumi na wanne, elfu ishirini na nane. Sepetu na reki, elfu kumi na mbili. Akiba ya kutengeneza magurudumu yakiharibika, elfu ishirini. Jumla laki moja na elfu ishirini, na kila senti wanaweza kukuonyesha inakwenda wapi. Mashallah, kuna ofisi kubwa mjini haziwezi kukupa hesabu safi namna hiyo.

Mfadhili amepatikana, na yuko tayari kuwapa laki mbili na nusu. Taabu iko ukurasa wa tatu. Pale penye neno "walengwa" jibu limeshachapwa tayari: vijana walio katika hatari ya kuvutwa na itikadi kali. Chini yake kuna jedwali la kujaza: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, msikiti anaoswali, na picha.

Wakatuuliza, "Tujaze?"

Tunalijibu swali lao hapa mbele yenu nyote, kwa sababu tunajua si wao peke yao. Wewe unayesoma huenda fomu yako iko mezani sasa hivi, au mwenyekiti wenu ameshaitia sahihi na hamkuiona.

Tuanze na lililo wazi: sisi hatupingi ruzuku ndogo. Neno lenyewe ruzuku ni ndugu wa riziki, na riziki ya halali haikataliwi. Zipo nyingi na njia zake ni za wazi. Balozi kadha hapa nchini, kama za Japan, Canada na Australia, zina mifuko midogo ya miradi ya jamii. Shirika la UNDP linasimamia mpango wa ruzuku ndogo za mazingira ambao umekuwa Kenya tangu 1993, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Kuna mashirika ya hapa hapa yanayogawa laki moja, laki tatu, kwa vikundi vya mitaa. (Uwezo na Hazina ya Vijana ni mikopo, si ruzuku. Usije ukaichukua kama zawadi kisha ukashangaa kuitwa kulipa.)

Na pesa ndogo, kwa uzoefu wetu, mara nyingi hufanya kazi kuliko pesa kubwa. Milioni kumi ikishuka Mombasa, sehemu nzuri inaishia hotelini: ukumbi, bango, fulana, nauli, samosa. Vijana wa mji huu washakula samosa nyingi sana za kupambana na itikadi kali, na mtaro uko vile vile. Lakini laki moja ikimfikia mtu ambaye tayari ana sepetu mkononi, unaiona kwa macho wiki ya pili. Siri ni hiyo tu, kwamba kazi ilikuwepo kabla ya pesa. Kikundi kilichozaliwa siku tangazo la ruzuku lilipotoka huwa kinazikwa siku ripoti ya mwisho inapopelekwa.

Basi tatizo letu si pesa. Ni lile jina lililochapwa ukurasa wa tatu.

Fikiria vizuri. Kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Haya si maneno yetu, yako kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, pamoja na mitaro na kazi nyingine za mjini. Kaunti haikuja. Vijana wakaja. Wametoa jasho lao bure, na kina mama wametoa shilingi hamsini zao. Halafu anatokea mtu na karatasi inayosema hawa waliotoka kitandani Jumamosi alfajiri kusafisha mtaa ndio hatari ya mtaa. Mbona kijana wa mtaa mwingine akizoa taka anaitwa mwanamazingira, na wa Kisauni au Majengo akizoa taka ile ile anaitwa mtu aliyeokolewa asilipue watu?

Utatuambia hayo ni maneno tu, jazeni mchukue mkokoteni. Wallahi tumesikia hoja hiyo, na mtu mwenye maji machafu sebuleni hana haja ya mahubiri yetu. Lakini sisi tumekaa na maneno haya muda mrefu, tunajua yanakwendaga wapi. Ukiandika kwenye ombi lako kwamba mtaa wenu ni pango la itikadi kali, ombi lako halilali kwenye droo. Linageuka sentensi kwenye ripoti ya mfadhili. Ripoti inasomwa na mwenye kupanga mradi mwingine, naye anaandika kwamba "jamii yenyewe imekiri". Miaka mitatu baadaye mdogo wako anaomba kazi bandarini au hotelini, anaulizwa anaishi wapi, na akitaja mtaa anaona uso wa mwenye kuuliza unabadilika. Ile sentensi uliiandika wewe, kwa mkokoteni.

Halafu kuna lile jedwali, ambalo ndilo linalotutia hofu zaidi.

Sisi wa Pwani si watoto wa jana. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali iliweka MUHURI na Haki Africa kwenye orodha ya walioshukiwa kuhusika na ugaidi na akaunti zao za benki zikafungwa. Mashirika yaliyokuwa yakitetea familia zetu! Ilibidi waende mahakamani, na mpaka Novemba mwaka huo ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru akaunti zifunguliwe. Kama shirika lenye mawakili na wakaguzi wa hesabu liliingizwa kwenye orodha namna hiyo, wewe mwenye kikundi cha watu kumi na wanne una nini cha kukulinda ukijiandika mwenyewe? Na mwaka uliofuata, 2016, Haki Africa ilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotezwa. Kuna akina mama mitaani kwetu mpaka leo wanaandaa sahani ya mtoto ambaye hajarudi. Katika mji wenye historia hiyo, orodha ya vijana yenye picha, simu na msikiti, juu yake imeandikwa "hatari", si karatasi ya ofisi. Ni kitu ambacho hujui kitaangukia mkononi mwa nani.

Hatusemi mfadhili huyu ana nia mbaya. Afisa aliyewaletea fomu ni kijana kama nyinyi, ana mshahara wa mkataba, na jedwali lenyewe amelirithi. Lakini nia njema ya afisa haifuti orodha kwenye kompyuta, na mkataba wake ukiisha orodha inabaki.

Sheria iko upande wako hapa, na wengi wenu hamjui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayechukua habari zako achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi aliyokueleza, na akueleze anazitakia nini. Imani ya mtu imewekwa kwenye kundi la habari nyeti, zenye ulinzi zaidi. Msikiti unaoswali unahusu nini na urefu wa mtaro? Akikuomba, muulize kwa adabu: hii orodha itakaa kwa nani, ataonyeshwa nani mwingine, itafutwa lini, na nikiacha sehemu ya msikiti wazi, ombi litaanguka? Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Ukiona jibu la kuzungukazunguka, lalamiko lako lina mahali pa kwenda, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na kama kwenye kikundi kuna watoto, basi msiguse hilo jedwali mpaka wazazi wao wamekaa nanyi.

Sasa kuna mtu atasema: kwani hakuna vijana waliopotea? Wapo. Tutakuwa waongo tukisema hawapo. Kuna waliovuka kwenda Somalia, wazazi wao wako na sisi mitaani na msiba wao hauishi. Kuna watu wanaofanya kazi ya kuwazuia vijana wasifuate njia hiyo, wengine ni maimamu wetu, na wanaoifanya kwa ukweli tunawaombea. Kazi hiyo ipewe jina lake, ifanywe na wenye kuijua, kwa makubaliano na familia. Lakini mtaro ni mtaro. Mpira wa jioni ni mpira. Darasa la kushona la dada zetu ni darasa la kushona. Ukilazimisha kila kitu cha Kiislamu kipite mlango wa ugaidi ili kipate shilingi, utakuwa umewaambia watoto wetu wazi kwamba serikali na dunia zitawaona siku tu wakiwa tishio. Sijui mafunzo ya itikadi kali yanayoshinda hayo.

Kile kikundi tulikiambia hivi. Msirudishe fomu kwa hasira. Pale penye walengwa pigeni mstari, muandike ukweli wenu: wakazi wa nyumba zilizo kando ya mtaro, wanafunzi wa madrasa, na vijana kumi na wanne wanaousafisha. Penye jedwali wekeni majina ya viongozi watatu waliosajiliwa, ambao majina yao tayari yako kwenye cheti, na idadi tu ya wengine. Ambatanisheni barua fupi kueleza kwa nini. Na ombeni laki moja na elfu ishirini, si laki mbili na nusu. Hapo mmoja wao alicheka, akasema, "Sasa shekhe, mtu akikupa zaidi unakataa?" Ndio. Ile laki na thelathini ya ziada hamna kazi nayo, na pesa isiyo na kazi mtaani huwa inajitafutia kazi yenyewe.

Hapo tunafika kwa upande wetu, maana itakuwa dhulma kumsema mfadhili tu.

Tunavijua vikundi vya mfukoni. Mwenyekiti ni kaka, mweka hazina ni mke wa kaka, katibu hajui kama yeye ni katibu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi cha kawaida kiwe na watu wasiopungua kumi, basi yanatafutwa majina kumi, wengine hawajawahi kukanyaga mtaa huo. Pesa zinaingia Jumatatu, Ijumaa mwenyekiti ana pikipiki. Mnajua tunazungumzia nini. Tukiwapigia kelele wabunge na wawakilishi wa wadi halafu sisi wenyewe tunakula laki moja ya mtaro, tofauti ni kiwango tu.

Na mji huu una historia nzuri ya jambo hili, ambayo wadogo zetu hawakuiona. Kuanzia 2007, kule Likoni na Changamwe, MUHURI ilifundisha wakazi wa kawaida kukagua miradi ya CDF. Walijifunza kwa wanakijiji wa India, wa harakati iitwayo MKSS. Mama muuza samaki na kijana wa bodaboda walishika karatasi za bajeti, wakaenda kwenye jengo lililoandikwa "limekamilika", wakapima, wakahesabu mabati, kisha wakasoma matokeo hadharani mbele ya watu na wakubwa wenyewe. Watu wasiokuwa na digrii waliwatoa jasho wenye digrii. Chombo kile kile kinatufaa kwa ruzuku zetu wenyewe. Mnaweza kumtaka mkubwa aonyeshe risiti kama zenu ziko wazi.

Kwetu sisi hili halikuja na wafadhili. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu nini? Kuandika deni na kuweka mashahidi. Pesa na karatasi. Amana haijapata kuwa kitu cha moyoni peke yake. Kwa hiyo nunueni ubao, uwekwe ukutani penye kuonekana, kwenye duka la pembeni au ukuta wa madrasa. Pesa iliyoingia, tarehe. Pesa iliyotoka, kwa nani, nambari ya risiti. Salio. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, na wasiwe wa nyumba moja. Pesa ya kikundi isiingie kwenye M-Pesa ya mtu binafsi hata kwa siku moja, hata kama ni mtu wa swala tano. Shetani hachagui.

Januari 2025 Marekani ilipofungia misaada yake ya nje, tuliona kazi za miaka zikisimama kwa wiki moja. Zilizobaki ni zile zenye mizizi ya mtaa. Tukajiuliza swali ambalo linawauma wazee wetu wa kamati za misikiti, na tunaliuliza kwa heshima: shilingi laki moja na elfu ishirini inatushinda kweli? Msikiti uliotia zulia jipya mwaka jana uko mita mia kutoka mtaro huo huo. Maji ya mtaro ndiyo yanayomfanya mtu afike kuswali na kanzu imeloa. Zaka ina wenyewe, aina nane zilizotajwa, msije mkanunua mkokoteni kwa zaka bila kuuliza. Lakini sadaka ni pana. Na wakfu je? Babu zetu waliacha visima, nyumba na mashamba kuwa wakfu, na mpaka leo Tume ya Wakfu ina ofisi hapa Mombasa. Nani atakuwa wa kwanza kuweka wakfu mkokoteni wa taka? Tumewauliza masheikh wawili, wamecheka kwanza, kisha wamesema watatupa jibu. Tunalisubiri.

Kaunti nayo isidhani imepona. Nakala ya bajeti ya usafi wa mazingira ya wadi yenu ni haki yenu chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mnaandika barua, mnapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na ofisi ina siku 21 za kuamua. Wale vijana wameshaipeleka barua yao. Leo ni siku ya tisa.

Na mfadhili? Afisa aliwapigia simu Alhamisi. Neno la walengwa limekubaliwa kubadilishwa, alhamdulillahi, bila hata kuvutana. La jedwali amesema si lake, lazima aulize Nairobi, na Nairobi waulize nje. Msikiti unaweza kutolewa, picha hajui. Kikundi kimekubaliana kwamba picha na msikiti zikibaki, hawatii sahihi, ingawa wawili kati yao hawakufurahia uamuzi huo na wana haki ya kutofurahia. Jumamosi hii mkokoteni ni wa kukodi tena, shilingi mia tatu mpaka saa nne. Mwenye nafasi aje na buti zake.

Na wewe mwenye fomu mezani, piga picha ukurasa wa walengwa ututumie kabla hujaijaza. Tutakusomea, mmoja wetu atakupigia, na hakuna malipo.